Moto wa Shangazi

Nyumbani,
9 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua, ungeanza na shikamoo ndefu ya kunilainisha ili nisahau kwamba tangu mwaka uanze hukuwa umeniandikia hata mstari mmoja. Sijasahau ng'o. Barua yako imefika juzi nikiwa nimeshakata tamaa, nikaiweka juu ya kabati mpaka nilipobandika sufuria. Unaijua desturi yangu: barua yako siifungui mpaka chakula kiwe motoni na mimi niwe nimekaa kwenye stuli kando ya jiko, mlango nimeufunga, hakuna wa kunisumbua. Hapo ndipo nasoma polepole, mwiko mkono huu, barua mkono huu. Ukurasa wako wa pili sasa una tone la mchuzi.

Huku hatujambo. Paka wetu Kachero amenenepa, kutwa analala chini ya jiko kama yeye ndiye mwenye nyumba. Dada yako Mkaguzi, ambaye sijui kama nilimzaa mimi au alizaliwa na ofisi, huja kila Jumapili na vyakula vyake kwenye makopo. Anafungua milango yote, ananusa kila kona, na siku nzima hataki niguse jiko. Tangu lile pazia lishike moto mwaka jana, tena pazia dogo tu la jikoni, hana wimbo mwingine: Mama hamia kwangu, kwangu kuna msichana wa kupika. Akaninunulia na simu. Ikawa inalia asubuhi, inalia mchana, inalia jioni: Mama, umezima jiko? Nimeitia kwenye droo ya vijiko. Yeye anaichaji Jumapili, mimi naifungia Jumatatu, tunaishi kwa amani.

Jirani wa nyuma anajenga ghorofa. Vumbi lake lote linakuja kwenye unga wangu.

Sasa tuje kwenye lako. Unasema mchuzi wa mpishi wa kambi unaweza kuchomelea bomba, na unaomba nikufundishe kupika. Nitakufundisha, lakini nawe unifundishe kuchora. Usicheke. Tangu niache cherehani mikono yangu imekosa adabu, inashika kila kitu na kukiangusha. Miaka yote ile nimeshona sare za shule, kola na mifuko, kola na mifuko. Sasa nataka kutengeneza kitu kisicho na kipimo cha mtu. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unachora kwa chaki kwenye sakafu hii hii ya jikoni, mpaka mimi nabeba maji ya moto huku naruka ruka nisiwakanyage farasi wako. Nifundishe.

Tuanze na dengu, haziwezi kukuaibisha. Kaanga kitunguu taratibu mpaka kiwe na rangi ya kahawia, na usiondoke hapo, kitunguu ni kama mtoto anayeanza kutambaa. Kisha nyanya, kisha dengu zilizolowekwa, kisha maji na subira. Chumvi mwishoni. Ukitia mapema utatafuna changarawe.

Nimekuchorea birika langu. Kachero ameliangalia, akaondoka.

Shangazi yako.


Kambini,
27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Na nyingine ya pili, na ya tatu, kwa ajili ya mwaka mpya. Nakiri kosa kabla sijachapwa.

Mimi mzima. Hapa ni mchanga, mabomba, na watu wanaokoroma. Tunaunganisha bomba kwa bomba, ukimaliza moja unaliona jingine linakungoja. Mtandao hakuna kabisa, simu zetu tunatumia kuangalia saa. Barua zinakuja na lori la maji, na lori la maji linakuja likijisikia.

Dengu zimepikwa! Nilisimama juu ya kile kitunguu mpaka macho yakanivimba. Wenzangu wawili wa hemani walikuja kwa dharau wakaondoka wanalamba sufuria. Mmoja ameniuliza kama nina shangazi mwingine.

Birika lako nimelibandika juu ya kitanda changu. Msimamizi wetu aliniuliza kwa nini nimechora kuku. Nisamehe, Shangazi, lakini alikuwa na hoja. Sasa sikiliza somo la kwanza, na ndilo somo lote, mengine ni mapambo: chora unachokiona, usichore unachokijua. Wewe unajua mdomo wa birika ni duara, kwa hiyo ukachora duara. Lakini ulipokaa kwenye stuli yako hukuona duara, uliona kitu chembamba kama jicho lililosinzia. Kichwa chako kinalidanganya jicho lako. Liamini jicho. Hata mtu akikwambia si hivyo, hata mimi, wewe chora ulichokiona.

Nakutumia kopo la penseli za rangi, nimemwagiza dereva mjini. Chora jiko lako nilione. Nimekumbuka lile jiko kuliko watu wengi.

Mpe Kachero samaki kwa niaba yangu. Dada Mkaguzi msalimie, mwambie aache kukusumbua.

Mwanao,
Fundi.


Nyumbani,
24 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba, marahaba, marahaba, nimezipokea zote tatu na riba yake.

Penseli zimefika! Loo, mwanangu, umenifanya mtoto. Nimezipanga mezani kwa rangi zake, nikazitazama tu, sikuthubutu kuzichonga mpaka siku ya pili. Tangu hapo nachora kila nikibandika chakula. Kinachemka huku, nachora kule. Nimechora vitunguu, nimechora mwiko, nimechora mguu wangu wa kushoto. Unachosema ni kweli: jicho linaona vitu kichwa kisivyotaka kuvikubali. Sikujua kwamba kivuli cha sufuria kina zambarau ndani yake. Umri wote huu nimeishi na kivuli cha zambarau jikoni kwangu na hakuna aliyeniambia.

Habari za nyumbani ni nzuri kiasi. Ukuta wa yule jirani umepanda mpaka umeziba dirisha langu la jikoni, ukinyoosha mkono nje unagusa tofali lake. Kwenye nafasi iliyobaki vumbi lilikuwa linamiminika, nikapigilia karatasi ya nailoni, na yale matundu ya juu ya ukuta nimeyajaza vitambaa vya sare vilivyobaki. Sasa jikoni ni safi, kumetulia, na joto zuri. Ila sufuria zangu siku hizi zinashika masizi kama za kuni. Nasugua mpaka mkono unauma. Nadhani ni gesi ya siku hizi, wanaichanganya na sijui nini.

Nina jambo jingine, na hili ni la mimi na wewe tu. Kichwa kinanigonga. Kinaanza nikiwa napika, kinakaa mpaka nalala. Jumapili sina kitu, kichwa chepesi, nacheka na Mkaguzi kama msichana. Jumatatu kimerudi. Nimesema moyoni ni umri, au ni hizi penseli, nakodoa macho mno. Nakuomba usimwambie dada yako. Ukimwambia kichwa, atasikia jiko. Ukimwambia jiko, Jumatatu nitajikuta kwenye ghorofa lake, nimekalishwa kwenye kochi, naletewa chai ya baridi na msichana asiyejua kukaanga kitunguu. Fundi, nitakufa pale. Nakwambia kweli, si utani. Hili jiko ndilo pekee lililobaki ambalo ni langu. Niahidi.

Somo lako la pili: mkate wa sufuria. Unga, hamira, maji ya vuguvugu, sukari kidogo. Kanda mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio. Funika, uache ujae wenyewe, usiuchungulie chungulie.

Nimekuchorea jiko lenyewe, na sufuria ya dengu juu yake, na moto. Kila kitu kama nilivyokiona.

Shangazi yako.


Kambini,
15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini kichwa kimetulia. Pumzika, kunywa maji mengi, na penseli uziweke chini kidogo ukichoka. Huenda unahitaji miwani mipya. Kuhusu lile jambo letu, nimeahidi. Mdomo wangu nimeuchomelea, na unaijua kazi yangu, haivuji.

Mchoro wako umenitoa machozi, na si ya kitunguu. Stuli ipo, ule ufa wa sakafuni upo, hata kile kipini cha sufuria nilichokitengeneza kwa waya kipo. Nimeuonyesha kambi nzima. Msimamizi safari hii hakusema kuku.

Mwalimu wako ana jambo moja tu la kukusahihisha. Umepaka moto rangi ya njano. Moto wa njano ni wa kwenye vitabu vya watoto, Shangazi. Moto wa gesi ni wa buluu, na nchani kuna weupe kidogo. Mimi nasimama mbele ya moto kila siku ya Mungu, hapo huwezi kunidanganya! Kichwa chako kimekuponyoka, kimechora moto kinaoujua badala ya ule ulio mbele yako. Rudia, tumia ile penseli ya buluu, bado naamini ni nzima.

Mkate ulijaa mpaka ukainua kifuniko. Nilichungulia mara moja tu. Sawa, mara tatu. Chini ulishika lakini juu ulikuwa mkate wa watu.

Mwezi wa sita nitapata likizo. Nitakuja, nitakaa kwenye sakafu ile, na utanipikia mpaka nishindwe kuinuka.

Mwanao,
Fundi.


Nyumbani,
6 Mei

Mwanangu Fundi,

Marahaba baba. Habari za siku nyingi? Dada yako mzima, ameongezwa cheo ofisini, sasa atakagua watu wengi zaidi. Kachero amenisusa. Haingii tena jikoni, analala nje ya mlango, na nikimbeba kumwingiza ananikwaruza. Nimempikia samaki, nikamwekea chini ya jiko pale pale pake pa zamani. Alisimama mlangoni akaniangalia, samaki hakumgusa. Paka gani huyu anayekataa samaki? Wiki hii sijamwona kabisa. Nadhani amehamia kwa wajenzi.

Nimepokea sahihisho lako. Mchoro mpya huu hapa, moto wa buluu kama mwalimu anavyotaka.

Baridi imeanza, kwa hiyo napika vitu vya kukaa motoni muda mrefu, maharage na supu za mifupa. Nakaa nayo jikoni, mlango nimefunga, joto linaniingia mpaka kwenye mifupa yangu mwenyewe. Ila usingizi! Juzi nimeshtuka nimelalia meza, penseli mkononi, maharage yameungua kabisa na sikusikia harufu. Mimi! Mimi niliyekuwa nikisikia maziwa ya jirani yanapotaka kufurika. Nilipoinuka miguu ikanikatalia, nikashikilia ukuta mpaka sebuleni, nikatapika kidogo. Ni maharage tu. Sasa niko sawa.

Nilikwambia dada yako ameongezwa cheo? Sasa atakagua watu wengi zaidi.

Usimwambie.

Somo la tatu nitakupa safari ijayo, leo mkono mzito.

Shangazi yako.


Kambini,
30 Mei

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa na kwa mwandiko. Kalamu hii mbovu na meza inacheza. Mimi mzima wa afya, usiwe na wasiwasi.

Mchoro wako wa pili ni mzuri mno. Moto wa buluu umekaa sawasawa, hapo sasa naona gesi inawaka. Unaona? Ukiliamini jicho hukosei.

Pole kwa tumbo. Maharage yaliyoungua yana sumu yake. Ungekwenda zahanati wakupime presha, kimya kimya, hakuna haja ya dada kujua. Kachero atarudi, paka hasahau kwao.

Likizo imesogea mbele kidogo, mambo ya kazi. Nitakuja mwezi wa saba. Siku hizi sipiki wala sichori sana, tuna shughuli nyingi.

Usikae kimya.

Mwanao,
Fundi.


Nyumbani,
16 Juni

Wewe Fundi,

Marahaba. Sasa kaa chini nikwambie.

Nimeshona mishono mingi kuliko nywele zako zote, na mshono wa mkono wa kushoto naujua hata gizani. Barua yako imeandikwa kwa kushoto. Herufi zote zimelala upande ule usiokuwa wako. Mkono wako wa kulia una nini? "Meza inacheza." Meza gani inamfanya mtu aache kupika na kuchora kwa mara moja? Ulipovunjika kidole ukiwa darasa la nne uliniambia umekisahau shuleni. Bado ni mwongo yule yule, na bado hujui kudanganya. Nataka jibu.

Na kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, nami nina la kukwambia. Lile somo lako limenikera. Siku ya kwanza unasema chora unachokiona, hata mtu akikwambia si hivyo, hata wewe. Nikachora ninachokiona. Ukaja juu: hapana, paka buluu. Nikakupakia buluu yako ili ufurahi, maana uko mbali, na nilitaka uendelee kuniita mwanafunzi mzuri. Lakini moto wangu si wa buluu, Fundi. Ni wa njano, njano kama kiini cha yai, mrefu, unalamba sufuria mpaka ubavuni. Umekuwa hivyo tangu Machi. Nauona kila siku nikiwa nimekaa hapa, na nimekaa hapa kuliko wewe. Mwalimu gani anamsahihisha mtu jicho lake?

Haya, nimeshatema. Nimepoa.

Dada yako anasafiri kikazi mwezi ujao, atakuwa nje ya nchi, hivyo Jumapili zangu zitakuwa huru. Nitapika bila kukaguliwa! Kichwa kile kile. Zahanati nimekwenda, nilipofika pale kwenye benchi la nje kichwa kikaacha, nikaona aibu, nikarudi nyumbani. Siku hizi naona vitu viwili viwili, ukichora sufuria moja zinatoka mbili. Kachero hajarudi.

Nijibu kuhusu huo mkono.

Shangazi yako.


Kambini,
2 Julai

SHANGAZI, ZIMA JIKO.

Shikamoo nitakupa baadaye. Kama umeisoma hii umekaa pale kwenye stuli, inuka sasa hivi, zima jiko, funga na mtungi, fungua mlango, utoke nje. Barua utaimalizia nje. Toka kwanza.

Umetoka? Shangazi, nakuomba.

Moto wa njano ni moto uliokosa hewa. Hilo nalijua kuliko jina langu, ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini, na nimeliona kwenye mchoro wako kwa macho yangu nikakwambia umekosea rangi. Moto wa gesi ukikosa hewa unatoa masizi, na pamoja na masizi unatoa sumu. Haina harufu, haina rangi, huwezi kuiona wala kuichora. Inaanza na kichwa, kisha usingizi, kisha kutapika, kisha miguu, kisha macho. Umeniandikia yote hayo moja baada ya jingine, na mimi nikakujibu kunywa maji. Jumapili hakiumi kwa sababu dada anafungua milango na anakukataza kupika. Kwenye benchi la zahanati kiliacha kwa sababu ulikuwa nje. Kachero hakukususa, Kachero alijua.

Ni ule ukuta, na ile nailoni, na vile vitambaa kwenye matundu. Vitoe vyote. Usipike tena humo hata chai. Mwite fundi wa majiko alisafishe, na dirisha lifunguliwe upande mwingine. Usiku ulale kwa jirani mpaka nifike. Najua unaogopa kuhamishwa. Nikija nitajenga jiko la nje kwa mikono yangu, lenye paa na upepo, na Mkaguzi hatakuwa na la kusema. Jiko litabaki lako. Hilo naliahidi, na kwa hili mdomo sitauchomelea.

Ahadi ile ya kwanza nimeivunja. Nimemwandikia dada. Pia nimempa dereva wa lori namba yake na namba ya ile simu yako ya kwenye droo, akifika mjini azipige zote mpaka mtu apokee. Ikilia, Shangazi, ipokee. Si yeye anayeuliza jiko. Ni mimi.

Mkono wa kulia uliungua mwezi wa tano, chuma cha moto kilinidondokea. Unapona. Sikutaka ulale macho kwa ajili yangu. Mimi na wewe tumekuwa tunafichana maradhi kama watoto wanaoficha peremende.

Najua desturi yako na barua zangu. Kwa hiyo nimeandika juu ya bahasha, kwa penseli nyekundu, herufi kubwa nilivyoweza kwa mkono huu mbovu: USIWASHE JIKO, FUNGUA KWANZA. Usisubiri sufuria. Mara hii tu, usisubiri sufuria.

Lori likirudi, napanda.

Fundi.


Nyumbani,
13 Julai

Mwanangu Fundi,

Marahaba kabla hujaniamkia.

Barua yako imeletwa leo asubuhi, nene, nzito, nimeipima mkononi nikasema huyu leo kaniungamia mkono wake. Nimeiweka juu ya kabati, imeegemea kopo la sukari, inanitazama. Nikaona safari hii nikuandikie kwanza kabla ya kuisoma, ili nikusalimu mimi kama mimi, bila kukasirikia utakachokuwa umeniambia. Mwezi uliopita nilikuwa mkali. Ulikuwa unanifundisha kwa upendo. Paka buluu, ni neno dogo tu, nami nikakushukia kama mvua ya mawe.

Juu ya bahasha naona umechora kwa nyekundu, kitu kikubwa kimezunguka anwani yote. Urembo wako huo! Nimejaribu kuusoma lakini miwani hii imekufa, herufi zinaogelea, nikizikazia macho zinakimbilia pembeni. Nitamuuliza mleta barua kesho kama ni maua au ni maneno. Nashukuru kwamba umerudia kuchora, maana yake mkono unapona.

Habari za nyumbani ni kimya tu. Mkaguzi yuko huko alikokwenda, hajarudi, Jumapili zimepita bila makopo yake. Sikudhani ningemkumbuka. Wiki iliyopita simu yake ililia kwenye droo asubuhi nzima, ikinyamaza inaanza tena, vijiko vinatetemeka humo ndani, mpaka nikacheka peke yangu. Yuko ng'ambo na bado anataka kujua kama nimezima jiko! Sikuipokea. Ililia mpaka ikafa chaji, sasa kumetulia.

Leo nakupikia dengu. Najua hupo, lakini uliniambia mwezi wa saba, na mwezi wa saba ndio huu, nataka mkono uzoee kupika kwa watu wawili. Kitunguu kimeshika rangi yake. Nimeshatia maji. Hapa chini nimekuchorea moto, na safari hii nimeupaka njano yake ya kweli, usinisahihishe. Ni mzuri, Fundi. Umejaa jikoni kote kama jua la jioni, sijawahi kuuona mkubwa hivi.

Baridi leo imezidi, inapenya chini ya mlango, nimepaziba kwa taulo. Kichwa hakiumi hata kidogo, ni usingizi tu. Haya, sufuria imeanza kuchemka. Naishusha barua yako kutoka kabatini, nakaa kwenye stuli yangu, nakusoma.

Shangazi yako.